Mkate wa Wishwa: Dhiki Inavyofichua Wema na Uovu katika Fasihi

Walimu wa fasihi, waandishi chipukizi, wahariri na wasomaji wote mliofika, hamjambo.

Kuna methali mbili za dhiki ambazo kila mwanafunzi wa Nairobi amezikariri kabla ya kumaliza shule ya msingi. Moja ni "Baada ya dhiki faraja". Nyingine ni "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Tumezizoea pamoja hata tunazichukua kama ndugu wa tumbo moja, lakini kwa mwandishi kila moja inashika njia yake. Ya kwanza inazungumzia wakati: vumilia, yatapita. Ya pili inazungumzia watu: tazama ni nani amesimama karibu nawe, na ana nini mkononi.

Hadithi nyingi zinazofika mezani kwa wahariri, na insha nyingi zinazosahihishwa madarasani, zimejengwa juu ya ile ya kwanza. Ndiyo sababu zinafanana. Yatima anateseka, anavumilia, anafaulu. Ninalotaka kulitetea leo ni kwamba fasihi ya mateso inayodumu imesimama juu ya methali ya pili. Dhiki peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema, wala haimfanyi kuwa mwovu. Kazi yake ni kupunguza: chakula, maji, muda, usalama, faragha. Vitu hivyo vikishapungua, kila aliye karibu hana budi kuamua, na kila uamuzi una bei. Msomaji anaona wema au uovu pale bei inapolipwa, au pale mtu anapokataa kuilipa na kumtupia mwenzake mzigo.

Tuanze nyumbani, na Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili wa pwani. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka wa 1913, ingawa kisa chenyewe ni cha kale zaidi. Liyongo yuko gerezani Pate na kifo kinamngoja. Mama yake anampelekea chakula kupitia kijakazi aitwaye Saada. Chakula kikiwa kizuri, walinzi wanakila wao. Basi Liyongo anatuma ujumbe kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na katikati yake atie tupa, kile chombo cha kukatia chuma. Walinzi wanauona mkate, wanaudharau, wanampa mfungwa. Usiku wa ngoma, vishindo vinapopanda, Liyongo anakata minyororo.

Hesabuni watu waliomo. Mfungwa ni mmoja tu, lakini dhiki yake imewagusa wengine watatu, na kila mmoja ameshikishwa kitu mkononi. Walinzi wameshika chakula cha mtu mwingine. Saada ameshika ujumbe ambao ungeweza kumuua. Mama ameshika unga na tupa. Mshairi hatuambii kwamba Saada alikuwa mwema wala kwamba walinzi walikuwa waovu. Anatuonyesha mkate unaopita kutoka mkono hadi mkono. Zaidi ya hayo, uovu wa walinzi ndio unaofungua mlango: kama wangekuwa waaminifu, wangempa mfungwa chakula chake chote na kukikagua, na tupa ingeonekana. Uroho wao umekuwa sehemu ya mtambo wa hadithi. Ukiandika mwovu, mpe uovu unaofanya kazi katika kisa. Uovu uliobandikwa tu usoni pake hausogezi chochote.

Baadaye Liyongo anauawa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyeishika sindano ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa cheo na binti wa mfalme. Angalieni tofauti. Saada, ambaye sheria za wakati ule zilimhesabu kama mali, anahatarisha maisha bila kuahidiwa lolote. Mwana, mwenye damu ya shujaa, anauza kwa ahadi. Utenzi umewapima wawili hawa kwa swali lile lile, yaani utafanya nini na uhai wa Liyongo ukiwa mkononi mwako, na majibu yamekuja kinyume na tulivyotarajia.

Hapa pana kanuni ya kwanza ya ufundi, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote: mtazame mtu wa pili. Mteswa mwenyewe mara nyingi hana la kuchagua. Njaa haimuulizi. Aliye karibu naye ndiye mwenye nafasi, na mwenye nafasi ndiye anayeweza kuwa mwema au mwovu.

Primo Levi, mkemia Mwitalia, alikamatwa Desemba 1943 na kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwanzoni mwa 1944. Katika kitabu chake cha 1947 anamweleza Lorenzo, fundi mwashi Mwitalia aliyefanya kazi pale bila kuwa mfungwa. Levi anaorodhesha aliyopewa: kwa miezi 6, kila siku, kipande cha mkate na mabaki ya chakula cha Lorenzo mwenyewe; fulana moja yenye viraka; kadi moja ya posta iliyoandikwa kwa niaba yake kwenda Italia, na jibu lake kuletwa. Lorenzo hakutaka malipo. Ni hayo tu. Hakuna sifa ndefu, hakuna machozi. Wema umeandikwa kama stakabadhi ya dukani, na ndiyo maana unaaminika. Kisha Levi anasema jambo zito: anaamini kwamba yuko hai kwa sababu ya Lorenzo, na si kwa ajili ya chakula sana kama kwa kumkumbusha kwamba nje ya ua ule bado kulikuwa na ulimwengu wa haki. Kauli hiyo angeiweka kabla ya mkate na fulana, isingekuwa na uzito huo.

Tuje kwa kitabu ambacho wengi hapa mmekifundisha, Chozi la Heri cha Assumpta Matei, kilichotoka 2014. Ridhaa anapoteza familia na nyumba katika moto wa vurugu za baada ya uchaguzi. Wauaji wangeweza kuwa kundi lisilo na sura, na waandishi wengi wangefanya hivyo kwa sababu ni rahisi. Matei anamweka Mzee Kedi, jirani. Watu wawili waliosaidiana miaka mingi. Jirani hubeba uovu ambao mgeni hawezi kuubeba, kwa sababu anajua mlango uko wapi na nani amelala chumba gani. Ukitaka kuandika vurugu za kisiasa za Kenya, na vijana wengi wa Nairobi wanataka, usianze na panga. Anza na chumvi iliyoazimwa, na mtoto aliyelishwa upande wa pili wa ua. Uovu unapimwa kwa kile ulichokivunja, na kama hukukijenga kwanza, hakuna cha kuvunja.

Uovu wa mtu wa pili unaweza pia kuwa mdogo, wa kawaida, usiopandisha sauti. Katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, Amani na Imani wanamkimbiza mtoto mchanga hospitalini, na wauguzi wanawapuuza. Mtoto anakufa. Hakuna aliyeazimia kumuua. Kazi imesubirishwa tu. Hatia kisha inawaangukia wale wawili waliojaribu kuokoa. Uovu wa namna hii ni mgumu zaidi kuandika kuliko wa mtemi mwenye bunduki, nami nauona kuwa wa maana zaidi kwa msomaji wa leo, kwa kuwa wengi wetu hatutashika bunduki kamwe, lakini kila mmoja wetu atakaa upande wa pili wa dirisha la huduma siku moja.

Sasa nifike kwenye jambo linalowasumbua wanafunzi, na lina haki ya kuwasumbua: mtu aliyeteswa kisha naye akawa mtesaji. Katika Chozi la Heri yuko Sauna, mfanyakazi wa nyumbani anayewaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi Kangara, kwenye biashara ya watoto. Mwandishi anatupa historia yake: baba wa kambo alimnajisi, na mama akaifunika aibu. Darasani swali huja mara moja: je, tumhurumie au tumhukumu?

Tunapaswa kufanya yote mawili, na mwandishi ndiye anayetuwezesha, kwa mpangilio wa habari. Ukimweleza msomaji mateso ya mhusika kabla ya kosa lake, msomaji atamtetea hata kabla hajakosa. Ukimweleza kosa kwanza, atamhukumu, kisha historia ikija itamlazimu kurudi nyuma na kuitazama hukumu yake upya. Njia zote mbili ni halali, lakini kazi zake ni tofauti, na mwandishi asiyejua ameichagua ipi huishia na msomaji aliyechanganyikiwa. Mbinu ya pili ni kuweka karibu mtu mwingine mwenye majeraha yanayofanana. Umu, dada yao Dick na Mwaliko, naye amebaki bila baba, mama ameondoka, ndugu wameibwa. Hafuati njia ya Sauna. Umu akiwepo, hatuwezi tena kusema kwamba mateso yalimlazimisha Sauna; tunaweza kusema tu kwamba yanaeleza. Naomba msidanganyike, hata hivyo, kufikiri kwamba Umu ana moyo bora kuliko Sauna. Umu alipata watu: Mwangeka na Apondi walimpa nyumba. Sauna alipohitaji mtu, mama yake mwenyewe alinyamaza. Tumerudi kwa mtu wa pili.

Je, mateso yanamtakasa mtu? Swali hili liliwagawa waandishi wawili Warusi walioyajua mateso kwa miili yao, na inafaa tuwasikie wote. Aleksandr Solzhenitsyn alikamatwa 1945 na kufungwa miaka 8. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu kambi za Kisovieti, kilichoanza kuchapishwa Paris mwaka wa 1973, anaishukuru jela kwa kumfundisha kwamba mstari unaotenganisha wema na uovu unapita ndani ya moyo wa kila mwanadamu. Varlam Shalamov, aliyepelekwa Kolyma, eneo la kambi hizo lenye baridi kali, mwaka wa 1937 na kuyapoteza huko miaka mingi ya ujana wake, alikataa kabisa. Kwake kambi ilikuwa shule ya uovu kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Baridi, njaa na kipigo vilitosha kumfanya mtu mnyama kwa majuma machache, na hakuna aliyetoka akiwa bora.

Nani mkweli? Soma kwa makini na utaona Solzhenitsyn mwenyewe anaacha nafasi ya shaka: mara tu baada ya kuishukuru jela, anaingiza sauti za wafu kutoka makaburini wakimwambia kwamba ni rahisi kwake kusema hivyo, kwa kuwa alitoka hai. Mistari hiyo michache ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Inamkumbusha kila anayeandika kuhusu mateso kwamba anayesimulia ni aliyesalia. Kaburi la Kolyma halikuandika kitabu. Kwa hiyo, unapomfanya mhusika wako aseme "mateso yamenifunza", jiulize ni nani katika hadithi hiyo hiyo aliteseka vile vile na hakupata nafasi ya kufunzwa. Mpe walau ukurasa mmoja.

Kenya ina ushuhuda wake. Abdilatif Abdalla alikamatwa Desemba 1968 kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali ulioitwa Kenya: Twendapi? na akahukumiwa miaka 3. Mashairi aliyoyatunga kwa siri gerezani, mengine kwenye karatasi za chooni, yalitoka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Wanaoifundisha diwani hii huanza na gereza na mara nyingi huishia hapo hapo. Lakini tazameni anachofanya na dhiki yake. Katika shairi la majibizano kuhusu mnazi, ndugu wawili, Alii na Badi, wanavutana juu ya nani ana haki ya mti. Mfungwa amewapa wote wawili hoja na sauti. Mtu aliyenyimwa haki ya kujibu anawapa wahusika wake haki hiyo, hata yule ambaye hakubaliani naye. Mimi huuona huo kuwa wema wa kifasihi ulio mgumu kuupata: kumtendea haki mpinzani kwenye karatasi wakati wewe mwenyewe hujatendewa.

Na kuna somo la kiasi kutoka kwa Mwana Kupona binti Msham, mshairi aliyemtungia bintiye utenzi wa wosia. Mwaka wa 1858 alikuwa mgonjwa, mumewe Bwana Mataka akiwa amefariki miaka miwili kabla. Anamwita bintiye, anayataja maradhi yaliyomshika hadi mwaka ukatimia, na papo hapo anaagiza wino na karatasi, anaendelea na wosia. Maumivu yametajwa kwa maneno machache mwanzoni. Sehemu kubwa ya utenzi ni kwa ajili ya yule atakayebaki. Tunaweza kubishana na mafunzo yake kuhusu ndoa, na tunabishana, lakini mgao huo wa beti ni ustadi mtupu. Anayeteseka kweli huzungumzia mambo yanayobaki kufanywa.

Tushuke sasa kwenye kazi ya mikono. Chukueni ploti moja ya Mathare au Pipeline, mitaa ya Nairobi: vyumba 16, bomba 1 uani, vyoo 2. Maji yamekatika tangu Jumatatu, na leo ni Alhamisi jioni. Mwanamke mmoja ana mitungi 2 ya lita 20. Mmoja umejaa, mwingine uko nusu. Ana lita 30. Ana watoto wawili, na kwa kubana sana wanatumia lita 10 kwa siku. Kwa hiyo ana siku 3. Mlango wa tatu kutoka kwake kuna mama aliyejifungua wiki iliyopita. Hodi inabishwa. Ni huyo mama, ameshika sufuria.

Hadi hapa hatujaandika neno hata moja la hisia, lakini msomaji tayari ameanza kupiga hesabu, na msomaji anayepiga hesabu ameshaingia chumbani. Sasa yapimeni majibu. Anaweza kusema maji yameisha, huku mtungi ukionekana nyuma yake. Anaweza kujaza sufuria. Anaweza kuuza, kwa bei iliyo juu kidogo kuliko ya mkokoteni, na kujiambia kwamba ni biashara. Anaweza kumpa lita moja kisha akawafokea watoto wake usiku kucha kwa kila tone linalomwagika. Jibu hilo la mwisho ndilo ningelichagua, kwa kuwa wema wake ni wa kweli na bei yake inalipwa na watu wasioulizwa. Wema mwingi uko hivyo maishani na ni nadra kuandikwa.

Kisha ongezeni hodi ya pili. Hapa ndipo waandishi wengi wanapoacha mapema mno. Hodi ya kwanza inaonyesha moyo; mtu yeyote anaweza kuguswa mara moja. Hodi ya pili, ya mama yule yule Ijumaa asubuhi, inaonyesha gharama, kwa maana sasa mtoaji anajua hasa kilichopungua. Badilisheni pia shahidi. Je, anatoa mbele ya majirani waliokaa ngazini au gizani wakati hakuna anayeona? Mtu anayetoa mchana na kunyima usiku si mtu yule yule unayedhani. Jaribuni kuandika ukurasa mmoja kwa kila hali, bila kutumia maneno "huruma", "ukatili", "wema" wala "roho mbaya". Likijitokeza moja, lifuteni na mtafute kitendo.

Jaribio linalorudiwa lina mfano wake mkuu katika kisa cha Yusufu, ambacho Waislamu na Wakristo wote wanacho. Katika Mwanzo 37, Yuda ndiye anayependekeza Yusufu auzwe, na anauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Miaka inapita. Njaa inawapeleka ndugu Misri, na kufikia sura ya 44 Benyamini, mwana mwingine wa Raheli, yuko hatarini kubaki mtumwa. Hali ile ile imejengwa tena kwa makusudi: mtoto kipenzi wa baba, ndugu wenye nafasi ya kumwacha, baba atakayelia. Safari hii Yuda anasema yeye ndiye abaki mtumwa badala ya kijana. Hatuambiwi popote kwamba Yuda alitubu au alibadilika moyo. Tunaliona badiliko kwa sababu mtihani ni ule ule na jibu ni tofauti. Ukitaka kuonyesha mhusika amebadilika, mrudishie mtihani wake wa kwanza. Mhusika anayefaulu mtihani mpya hajathibitisha kitu.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni haya. La kwanza na baya kuliko yote ni mrundiko wa misiba. Katika kurasa 2 baba amekufa, mama amepooza, nyumba imeungua, karo imekosekana, na shangazi anapiga kwa mwiko. Mwandishi anadhani majonzi hujumlishwa. Hayajumlishwi. Kila msiba mpya unaufuta ule wa kabla, kwa sababu baina yao hakuna aliyeamua lolote. Dawa yake ni kuchagua dhiki 1, kufuta nyingine zote, na kuifuata hiyo moja hadi ionekane kwenye mambo madogo: nani anakula mwisho, nani analala karibu na mlango, ni kitu gani kimeuzwa kwanza na kipi kimefichwa kisiuzwe.

La pili ni maskini malaika. Mhusika mteswa anaandikwa bila kosa hata moja, tukidhani kosa litampunguzia haki. Kinyume chake, haki inayotegemea utakatifu wa mwathiriwa ni haki dhaifu. Mpeni kosa linalomgharimu mtu mwingine, kisha muone kama msomaji bado anaamini kwamba hakustahili mateso. Akiamini, mmeandika fasihi.

Kuna mfadhili wa ghafla, yule tajiri mwenye gari anayesimama njiani na kulipa karo. Sisemi asiwepo, Nairobi wafadhili wapo. Lakini apandwe mapema, katika sehemu ambayo bado hana sababu ya kusaidia, na msaada wake umpotezee kitu. Na kuna jina linalomaliza hadithi kabla haijaanza. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert aliita wahusika wake Adili, Hasidi na Mwivu, na kwake liliwezekana kwa sababu anaandika istiara: hatusubiri kugundua Hasidi ni nani, tunasubiri kuona Adili, anayelazimika kuwapiga nduguze waliogeuzwa nyani kila usiku huku moyo wake ukiumia, atabeba vipi adhabu asiyoipenda. Kijana anayeandika riwaya ya kihalisia ya Kayole akamwita mwenye nyumba Bwana Katili amejinyima mshangao wote, na hakupata chochote badala yake.

Mazungumzo ya wafariji nayo huharibika kwa urahisi. Someni Ayubu. Rafiki zake watatu wanafika, wanaketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Huo ni wema kamili. Kisha Elifazi anafungua kinywa na kuuliza ni nani aliyewahi kuangamia bila hatia, na kuanzia hapo, sura baada ya sura, wafariji wanageuka waendesha mashtaka. Hawadanganyi kwa makusudi. Wanatetea imani yao kwamba dunia ina mpango, na Ayubu ndiye anayelipia utetezi huo. Mkiandika matanga, wekeni mtu mmoja wa namna hiyo, anayesema "Mungu ana makusudi yake" kwa sababu ukimya unamtisha yeye. Msimcheke. Mwandikeni kwa nia njema yake yote, na mwacheni aumize.

Na miisho. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka wa 1971, kitabu kilizuiwa shuleni Tanzania kwa muda. Rosa analelewa kwa hofu ya baba mkali na mlevi, anaingia chuoni bila kujua namna ya kujilinda, anaharibikiwa, na mwisho anajiua. Hakuna faraja baada ya dhiki. Kezilahabi angemwokoa Rosa, Zakaria baba yake angeokoka pamoja naye, kwa sababu msomaji angesema malezi yale yalikuwa magumu lakini mwishowe yalifaa. Kwa mwisho alioutoa, kila kipigo cha sura za mwanzo kinabaki na deni lake. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mwisho wa heri au wa msiba, orodhesheni pembeni ya mswada wale wote waliokuwa na uwezo wa kufanya jambo na hawakulifanya. Kisha soma mwisho wako na uulize, mmoja baada ya mwingine, kama umewaachilia.

Walimu, ombi langu kwenu ni la swali moja la darasani. Badala ya "Eleza mateso anayoyapitia mhusika mkuu", ambalo humfanya mwanafunzi aorodheshe misiba kumi na kupata alama kumi, jaribuni: "Taja mtu mmoja katika sura hii aliyeweza kupunguza mateso haya. Alikuwa na nini mkononi, alifanya nini nacho, na lilimgharimu nini?" Mpeni mwanafunzi dakika 20 na ukurasa 1, na mruhusuni amchague hata mhusika aliyetokea kwa sentensi mbili tu. Asanteni sana.